Mbunge Akiuliza, Wewe Soma Jibu

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Wilaya za Ngara na Biharamulo)

   

Leo tuzungumze juu ya swali. Hatusemi swali la mtihani, maana mitihani mmekwisha kuishinda. Tunasema swali ambalo Mbunge humwuliza Waziri kwa maandishi, na jibu ambalo Waziri hulitoa, nalo likaandikwa na kuwekwa.

Zamani, ulipokuwa hujui kusoma, habari za Bunge ulizipata kwa kusikia tu. Unaambiwa, "Mbunge ametusemea barabara." Unaambiwa, "Waziri amekubali." Mwaka unapita, barabara haionekani, na wewe huna la kushika mkononi. Nani alikubali? Alikubali nini hasa? Alisema lini? Hujui. Sasa unajua kusoma, na maneno hayo ya Waziri yameandikwa kwa Kiswahili, lugha yako. Hakuna sababu ya kusubiri mtu akusimulie.

Mama mmoja katika darasa letu alituuliza: "Mwalimu, Serikali ina watu wake kila wilaya. Shida yetu ya maji Waziri anaijua. Kwa nini aulizwe jambo analolijua?"

Ni swali zuri. Waziri haulizwi kwa sababu hajui. Anaulizwa ili aseme. Kujua ni jambo la moyoni mwake. Kusema mbele ya Bunge, na maneno yakaandikwa, ni jambo la watu wote. Tuseme jirani anakudai shilingi elfu kumi. Wewe unajua, naye anajua. Lakini siku unapokiri mbele ya mashahidi na kuweka sahihi yako kwenye karatasi, deni hilo halifanani tena na lile la jana. Swali la Mbunge kazi yake ndiyo hiyo. Linaitaka Serikali ikiri mbele ya mashahidi.

Wala jambo hili si hisani ya Mbunge. Limo katika Katiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 63, inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Halafu inataja njia ambazo Bunge linaweza kutumia. Njia ya kwanza kutajwa ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Angalieni mpangilio wake. Bajeti inatajwa baadaye. Kutunga sheria kunatajwa baadaye. Swali limetangulia.

Sasa tulifuate swali linavyosafiri.

Tuseme kijiji kina kisima cha pampu kilichoharibika. Wanakijiji wanakutana katika mkutano mkuu wa kijiji. Huo ni mkutano wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao hufanywa kila baada ya miezi mitatu. Wanazungumza, na Mtendaji anaandika muhtasari. Jambo linapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, Diwani analichukua mpaka Baraza la Madiwani. Mbunge naye ni mjumbe wa Baraza hilo, kwa hiyo hawezi kusema hakusikia, labda kama hakuhudhuria. Mambo mengi yanapaswa kuishia hapo hapo wilayani. Diwani naye ana haki ya kuuliza katika Baraza. Kisima cha pampu iliyokatika mpini hakihitaji kupelekwa Dodoma. Lakini kama wilaya imeandika mara mbili, mara tatu, na fedha haziji, basi hilo limekuwa jambo la Mbunge.

Mbunge analiandika swali na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge, siku nyingi kabla ya mkutano wa Bunge kuanza. Ofisi ya Bunge inalitazama kama limefuata Kanuni. Likikubaliwa linapelekwa wizarani. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Waziri hakai mezani akabuni jibu. Wizara inaandika barua kuuliza mkoani na wilayani: Kisima hicho kiko wapi? Kilijengwa lini? Kimeharibika nini? Kinahitaji fedha ngapi? Barua hiyo inapotua kwenye meza ya ofisi ya maji wilayani, mtu anashtuka. Kumbe Dodoma wanajua kisima chetu! Mara nyingine fundi hufika kijijini hata kabla Waziri hajasimama kujibu. Kwa hiyo msidhani faida ya swali iko katika jibu peke yake.

Siku ya kujibiwa inafika. Bunge huanza saa 3 asubuhi. Wanaomba dua, hati zinawekwa mezani, kisha kinaanza kipindi cha maswali. Mbunge anasimama na kuomba swali lake namba fulani lipatiwe majibu. Kama hayupo, Mbunge mwenzake anaweza kuliuliza kwa niaba yake. Naibu Waziri, kwa niaba ya Waziri, anasoma jibu. Halafu Mbunge anaruhusiwa maswali ya nyongeza, kwa kawaida mawili. Hapo mtasikia maneno ambayo yamekuwa kama salamu: "Pamoja na majibu mazuri ya Serikali, ninayo maswali mawili ya nyongeza." Msicheke. Hata jibu likiwa baya, husemwa ni zuri. Ni adabu ya mahali pale, kama vile sisi tunavyoambiwa "karibu chakula" hata chungu kikiwa kimekwisha.

Lipo pia swali la aina ya pili, ambalo jibu lake halisomwi bungeni. Waziri anampa Mbunge majibu kwa maandishi. Swali la namna hii halina shangwe. Hakuna makofi, redio haitangazi, na Mbunge anayependa kuonekana hulikwepa. Sisi tunalipenda. Nafasi za kuuliza kwa mdomo ni chache, na wabunge ni zaidi ya 300. Tena ziko habari ambazo haziwezi kuelezwa kwa mdomo zikaeleweka. Ukitaka orodha ya vijiji vyote vya wilaya ambavyo havijapata umeme, au fedha zilizoletwa kwa zahanati kila mwaka kwa miaka mitano, jibu la mdomo litakupita sikioni kama upepo. Jibu la maandishi utaliweka mezani, utaligeuza, utalilinganisha na unachokiona kwa macho. Tarakimu zinataka karatasi.

Haya, sasa tufike penye kazi yenyewe. Ni namna gani swali linaandikwa?

Swali bovu linaandikwa hivi: "Je, Serikali haioni umuhimu wa kuwapatia wananchi maji safi na salama?" Mmeliona kosa? Waziri atajibu: "Serikali inaona umuhimu huo." Kwisha. Atakuwa amejibu kikamilifu, na ninyi mtarudi mtoni na ndoo zenu. Swali hilo limeomba kuonwa, nalo limeonwa.

Swali jingine bovu ni lile la "Serikali ina mpango gani?" Hili halina ubaya wake wote, lakini lina mlango mpana wa kutokea. Mpango hauna mwisho. Mtu anaweza kuwa na mpango wa kujenga nyumba tangu ujana wake mpaka anazikwa.

Swali zuri linakamata mambo manne: kitu gani, wapi, fedha ngapi, lini. Kwa mfano: "Je, katika mwaka wa fedha uliopita zilitolewa fedha kiasi gani kwa ajili ya kisima cha kijiji fulani? Zimetumika kwa kazi gani? Kazi iliyobaki itakamilika mwezi gani?" Hapa mlango ni mwembamba. Waziri ataje tarakimu au aseme hakuna fedha zilizotolewa. Na kusema "hakuna" nalo ni jibu kubwa sana, kama wilayani mmekuwa mkiambiwa fedha zimekuja!

Kanuni zinataka pia swali lisiwe hotuba, lisiwe na matusi wala kejeli, na lisirudie jambo lililokwisha kujibiwa. Kwa hiyo Mbunge anayetaka kuuliza vizuri lazima kwanza asome majibu ya nyuma. Ninyi mnaweza kumsaidia kazi hiyo.

Na swali liende kwa mwenyewe. Hili linawasumbua watu wengi. Barabara zote ni barabara kwa macho yetu, lakini serikalini zina baba tofauti. Barabara kuu, kama ile ya Lusahunga hadi Rusumo, iko chini ya TANROADS na Wizara ya Ujenzi. Barabara ya kutoka kijijini hadi zahanati iko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017, na swali lake huenda TAMISEMI. Shule za msingi na zahanati pia ni TAMISEMI. Maji ya vijijini yako RUWASA, iliyoanza mwaka 2019, chini ya Wizara ya Maji. Umeme wa vijijini ni REA na Wizara ya Nishati. Kama wanyama wanatoka Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato na kula mihogo yenu, hilo ni la Maliasili na Utalii. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, kwa hiyo wapo wanavijiji ambao sheria za jirani yao zimebadilika, nao bado wanauliza kwa mazoea ya zamani.

Tuje kwenye jibu. Hapa ndipo panapotakiwa msomaji aliyetulia.

Majibu ya Serikali yana maneno yake. Msipoyajua mtapiga vigelegele mapema. Tuyachambue machache.

"Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina." Maneno haya yanatisha, lakini maana yake ni nyepesi. Upembuzi yakinifu ni kuchunguza kama kazi inafaa na itagharimu kiasi gani. Ni kama unavyopepeta mpunga kabla ya kuupika. Usanifu wa kina ni kuchora michoro kamili: daraja liwe hapa, mfereji upite pale. Ni kazi za lazima. Lakini ukisikia Serikali imekamilisha upembuzi yakinifu wa barabara yenu, fahamuni kwamba bado halijamwagwa hata koleo moja la kokoto. Baada ya usanifu kuna kutafuta fedha. Baada ya fedha kuna kutangaza zabuni, kisha kupata mkandarasi, kisha mkataba, kisha mkandarasi kuleta mitambo. Kila hatua inaweza kula mwaka. Kwa hiyo jibu hilo lisomeni kama kituo cha basi. Safari inaendelea, lakini tuko kituo gani?

"Kadiri fedha zitakavyopatikana." Maneno haya matatu ndiyo ya kuangaliwa kuliko yote. Yakikaa mwishoni mwa ahadi, yanailegeza ahadi yote. "Kituo cha afya kitajengwa mwaka wa fedha ujao" ni ahadi. "Kituo cha afya kitajengwa mwaka wa fedha ujao kadiri fedha zitakavyopatikana" ni tumaini. Hatusemi Waziri anadanganya. Nchi ni kubwa na mfuko ni mdogo, na mtu mwaminifu huona haya kuahidi asichokuwa nacho. Lakini ninyi mjue tofauti ya ahadi na tumaini mnapolisoma jibu.

"Serikali iko katika mchakato." Mchakato ni kazi inayoendelea. Mwulizeni Mbunge: imefika hatua gani? Nani anayo faili leo?

Na neno "mwaka wa fedha". Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni mwaka unaofuata. Wengi wanasikia "mwaka wa fedha ujao" mwezi Februari, ikifika Agosti wanalalamika wamedanganywa. Wakati huo mwaka wenyewe ndiyo kwanza una mwezi mmoja. Hesabuni vizuri, msije mkaaibika mbele ya ofisa.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa wilaya zetu mbili anaujua: barabara kuu ya kutoka Lusahunga hadi Rusumo. Ni kama kilomita 90. Inapita Nyakahura, inapita Benaco, inafika mpakani na Rwanda, na pale Nyakasanza inachepuka kwenda Kabanga na Kobero, mpakani na Burundi. Wazee wanaikumbuka barabara hii mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaweka kambi Benaco. Tangu hapo magari ya misaada, kisha malori ya mizigo ya Kigali na Bujumbura, yamepita juu yake miaka na miaka. Ikachakaa na kutoboka.

Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani, kazi iliyofanywa kwa msaada wa Japani. Daraja zuri sana. Lakini lori lililokwenda kulivuka lilikuwa linayumba kwenye mashimo kwanza. Mtu akiuliza, "Je, Serikali haioni umuhimu wa barabara hii?" ni swali la bure. Umuhimu umeonwa na marais wawili! Swali lenye meno ni lile la usanifu ulikamilika lini, fedha zinatoka wapi, mkandarasi wa sehemu hii ni nani, na mkataba wake unaisha tarehe ngapi. Wabunge wa Ngara na Biharamulo, wa vipindi mbalimbali, wameisemea barabara hii bungeni zaidi ya mara moja. Ukiyapanga majibu ya Serikali kwa tarehe, moja juu ya jingine, utaona kama ngazi: ipi ilipandwa, na wapi tulisimama kwenye kipandio kimoja. Jibu moja peke yake halikuonyeshi hilo. Ndiyo maana tunasema muyaweke.

Na msifikiri haki hii ya kuuliza imekuwapo siku zote, au imekuwa rahisi siku zote.

Huko Uingereza, ambako desturi hii ilianzia, swali la kwanza la namna hii linalokumbukwa liliulizwa mwaka 1721 katika Bunge la Mabwana. Cowper alitaka kujua kama ni kweli kwamba mtunza fedha wa Kampuni ya South Sea, aitwaye Robert Knight, aliyekuwa ametoroka nchi, amekamatwa huko Brussels. Mnaona? Swali la kwanza lilikuwa la mtunza fedha aliyekimbia. Wanachama wa vyama vya msingi wa kila mahali watalielewa bila mwalimu.

Hapa kwetu Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, wakati wa Mwingereza, na kwa karibu miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliteuliwa mwaka 1945. Watu wa Ngara na Biharamulo wangemtuma nani awaulizie?

Hata baada ya Uhuru kuuliza kulikuwa na gharama yake. Mwaka 1968 mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Wabunge wawili wa mkoa huu, Bakampenja na Kaneno, walikuwa na mgogoro na Mkuu wa Mkoa juu ya mwenendo wa uongozi. Oktoba mwaka ule Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza katika chama pamoja na wabunge wengine kadhaa. Chama kilikuwa kimoja, na aliyefukuzwa chama alipoteza kiti. Nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo, hilo tuwaachie wanahistoria. Tunalolitaja sisi ni kwamba mtu aliyesimama kuuliza juu ya mkubwa wa mkoa alijua anaweza kurudi nyumbani bila kazi.

Leo Katiba, ibara ya 100, inampa Mbunge uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Hawezi kushtakiwa mahakamani kwa maneno aliyoyasema humo. Wewe wa kijijini huna kinga hiyo. Ukisema hadharani kwamba fedha za zahanati zimeliwa, unaweza kuitwa ofisini kujieleza. Mbunge akiuliza bungeni, "Fedha za zahanati zilikuwa ngapi na zimetumikaje?" anakuulizia wewe, naye amekingwa. Basi asipouliza, anaiachia kinga yake ioze kama ndizi zilizosahauliwa shimoni.

Tuseme kweli pia juu ya udhaifu wa njia hii. Swali halijengi barabara. Mbunge wa chama kinachotawala anaweza kuona uzito kumbana Waziri wa chama chake, hasa kama naye anatumaini kuwa Waziri siku moja. Wengine wanauliza ili jimboni wasikike redioni, na jibu likishatoka hawaligusi tena. Hili tunaliona ni baya kuliko kutouliza, kwa sababu linawapa wananchi usingizi. Na redio yenyewe si ya kutegemea: Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena mikutano ya Bunge moja kwa moja kama awali, kwa sababu ya gharama. Watu wakalalamika sana. Lakini Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ile iitwayo Hansard, iliendelea kuandikwa neno kwa neno. Aliyejua kusoma hakuzimiwa.

Wenzetu wa Uganda wana kamati ya Bunge lao ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi za Serikali, yaani ni ipi iliyotimizwa na ipi iliyosahauliwa. Ni jambo zuri. Lakini hata bila kamati, kijiji kinaweza kufuatilia ahadi inayokihusu. Ahadi yenu moja si nyingi kiasi cha kushindwa kuikumbuka.

Fanyeni hivi. Maswali na majibu yamewekwa katika tovuti ya Bunge. Wengi hamna mtambo wa kuifungua, lakini watoto wenu wa sekondari wana simu, na mwalimu wa shule yupo. Mwambieni atafute jina la wilaya au jina la kata. Likipatikana jibu linalowahusu, liandikeni kwa mkono kwenye daftari: namba ya swali, tarehe, jina la aliyejibu na wadhifa wake, na maneno ya jibu kama yalivyo. Msiandike mlivyoelewa. Andikeni lilivyosemwa. Daftari likae kwa katibu wa kisomo, lisikae kwa Mtendaji peke yake, kwa sababu watendaji huhamishwa na madaftari huhama nao.

Katika mkutano mkuu wa kijiji, mmoja wenu asimame alisome jibu lile kwa sauti. Kisha amwulize Mtendaji au Diwani, kwa heshima: "Ndugu, Serikali ilisema hivi, tarehe hii. Tumefikia wapi?" Jibu lake liandikwe katika muhtasari. Mkifanya hivyo hamtukani mtu. Mnasoma maneno ya Serikali yenyewe, na hakuna kiongozi anayeweza kuwakemea kwa kuisoma Serikali yake.

Kama ofisi ya wilaya inakaa kimya, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo raia mwenyewe anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa imjibu katika muda usiozidi siku 30. Barua iwe fupi, itaje kitu gani, wapi na mwaka gani. Weka nakala yako, na yule anayeipokea aiweke sahihi na tarehe. Kwa hiyo hata ninyi mnaweza kuuliza kwa maandishi, bila kusubiri Dodoma.

Kisha, kabla Bunge halijakutana, mpelekeeni Mbunge swali likiwa limekwisha kuandikwa. Bunge hukutana kwa kawaida mara nne kwa mwaka, na mkutano mrefu ni ule wa bajeti, Aprili hadi Juni. Mbunge hupokea maombi mengi ya mdomo akiwa barabarani: dirisha la gari linashushwa, watu wanasema, dirisha linapandishwa. Swali lililoandikwa kwenye karatasi, lenye jina la kijiji, mwaka na kiasi cha fedha, linamwondolea kazi. Linamnyima pia udhuru.

Kazi ya darasa kwa majuma mawili yajayo ni hii. Kila kikundi kichague jambo moja la kijijini: kisima, zahanati, shule, barabara au umeme. Andikeni swali moja la mistari isiyozidi minne, lenye mambo yale manne tuliyoyataja. Mseme linakwenda kwa Waziri gani. Halafu vikundi vibadilishane karatasi, na kila kikundi kijifanye Naibu Waziri, kijibu swali la wenzake kwa kukwepa kadiri kinavyoweza. Pale mtakapopata nafasi ya kukwepea, hapo ndipo swali lina tundu. Lizibeni, mliandike upya, ndipo mlilete.